Daftari la Humudi

Juu ya friji, chini ya bakuli la ndimu kavu,
lipo daftari la mistari, jalada limelowa mafuta ya mashine.
Aliliandika kwa penseli. Wino, alidai,
hukauka hapa Ibra kabla sentensi haijafika nukta.

"Machi, tarehe tatu. Nimefungua kifuniko cha sebuleni.
Vumbi laini kama unga wa sembe. Mke amekohoa, amenilaumu.
Nimeosha chujio kwa sabuni ya vyombo na mswaki wangu wa zamani.
Kausha kivulini. Juani hujikunja kama ukingo wa chapati."

(Haukuwa mswaki wake. Ulikuwa wangu,
na haukuwa wa zamani.)

Mtu huyu hakuniandikia barua hata moja,
hata mwaka ule aliokwenda Sohar kufanya kazi bandarini,
lakini kiyoyozi alikiandikia kurasa tisini:
kinakoroma wapi, kinavuja lini,
gesi kaongeza nani, na kwa riali ngapi.
Mei alipanda paani alfajiri, kabla sakafu haijawa kikaango,
akamkuta njiwa ametaga nyuma ya feni.
Akayahamisha mayai mawili ndani ya kofia yake.
Njiwa hakurudi. Hilo nalo kaliandika.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alinihubiria,
pampu ya baiskeli mkononi,
akipuliza utelezi uliokwama kwenye bomba la matone.
Nikamjibu: ukuta tunao, Humudi.
Tusichokuwa nacho ni usingizi.

Maana ugomvi wetu ulikuwa namba.
Yeye kumi na nane. Mimi ishirini na tano.
Miaka thelathini na moja,
rimoti ikilala chini ya mto wa aliyeshinda.
Nilijifunika blanketi mwezi wa Julai
huku nje upepo wa gharbi ukibabua mitende,
na asubuhi tukaoga maji baridi kutoka bomba la moto,
kwani tangi la paani linachemka lenyewe
na hita tumeizima tangu Aprili.
Nchi hii, nilimwambia dada yangu wa Wete kwa simu,
inabidi ujifunze upya kufungua bomba.

Akafa Disemba, wakati mashine imepumzika.

Januari baridi ilishuka milimani, ikaniingia miguuni.
Nilikuwa edani bado; hata fundi sikumwita.
Nikatafuta kwenye daftari:
"Bonyeza alama ya jua. Ngoja.
Itanuka vumbi la kuungua.
Usiogope, ni kiangazi kinatoka."
Nikabonyeza. Nikangoja.
Kikatoka.

Sasa ni Juni. Sajeevan yupo juu ya ngazi na geji yake,
Kiswahili chake maneno sita aliyofundishwa na marehemu:
mama, gesi, chafu, safi, kesho, pole.
"Gesi safi," anasema.
Kisha anaangalia rimoti, kumi na nane,
ananiangalia mimi, shela juu ya sweta,
sweta juu ya kanzu,
anatikisa kichwa.
Kompresa imechoka. Haijapumzika tangu niliposema
sina wa kubishana naye, basi na iwe alivyotaka.
"Pole, mama," anasema Sajeevan,
na sikujua anamaanisha mashine au mimi.

Alipoondoka nilimwaga ndoo ya matone kwenye mrehani.
Nikarudi. Nikashika rimoti kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.
Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja.
Kwenye ishirini na mbili kidole kikagoma.

Penseli yake bado ina ncha.

"Juni, tarehe kumi na tisa. Gesi sawa. Bomba linadondosha vizuri.
Chujio limeoshwa, limekauka kivulini.
Mswaki ni wangu, na ninasema tena, ulikuwa mpya.
Namba: ishirini na mbili. Kwa sasa."